Sensa Haina Kosa

Kwenye droo ya meza yangu, chini ya madaftari ya Kidato cha Pili, kuna sensa mbili za hewa za Toyota. Moja niliinunua shilingi 70,000. Nyingine niliinunua 45,000, ikaletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Sikuihitaji hata moja. Sensa iliyokuja na gari kutoka Japani ndiyo iliyomo garini mpaka leo, na inafanya kazi.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nyingine nawagawia wenzangu wenye magari hapa Singida, maana najua hadithi hii si yangu peke yangu. Tunabadilisha spea kwa sababu hatutaki kulipia kupima. Fundi tunamlipa akifungua kitu na kufunga kingine. Akikaa akafikiri, tunaona anatupotezea muda. Halafu jioni tunakaa barazani tunalalamika kwamba mafundi wa siku hizi hawafikiri.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe, fungua boneti. Utaona boksi jeusi la plastiki lenye chujio la hewa, ile tunayoiita ea klina. Pale hewa inapotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini, kuna kidude kimefungwa kwa skrubu mbili na kuchomekwa soketi ya nyaya. Mafundi wanakiita eaflo, au sensa ya hewa.

Hilo jina la sensa nalipenda. Sisi tumezoea kwamba sensa ni ya kuhesabu watu. Ile ya Agosti 2022 karani alikuja hadi mlangoni, akauliza tumelala wangapi, akaandika, akaenda. Kidude hiki nacho ni karani. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaongezwa ili waya usipoe. Kiasi cha umeme kinachohitajika ndicho kinachoiambia kompyuta ya gari ni gramu ngapi za hewa zimeingia, na kompyuta inapima petroli kufuatana na hesabu hiyo. Karani akisema wachache, chakula kinapikwa kidogo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo vumilia hesabu moja. Petroli huungua vizuri ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo moja kasoro robo hivi, basi inadai karibu kilo 11 za hewa. Hizo ni zaidi ya lita 9,000 za hewa kule pwani. Hapa Singida mjini, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo unahitaji lita nyingi zaidi. Sasa jaza tangi, halafu uniambie gari lako limevuta hewa kiasi gani kabla ya kulijaza tena. Na hewa yenyewe ni ya hapa kwetu, mkoa wa upepo, ambako kwa miaka mingi tumesikia habari za kujengwa mitambo ya umeme wa upepo, na ambako kuanzia Juni mpaka mvua zije barabara ya kijijini ni unga.

Uchafu kwenye waya huo si jambo lililogunduliwa jana. Bosch ya Ujerumani ilipoanza kuuza mfumo wa waya wa moto mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliutengeneza ili injini ikizimwa waya uunguzwe kwa nguvu kwa muda mfupi, uchafu uteketee. Waliounda walijua. Sisi tunaoishi ndani ya vumbi ndio tunaojifanya kushangaa.

Sasa hadithi yangu. Ilikuwa Julai, natoka Shelui na mama, nyuma kuna gunia la vitunguu. Tulipoanza kupanda Sekenke, IST yangu ikaanza kumisi. Nakanyaga mafuta, haiitikii. Nikikanyaga zaidi ndiyo inazidi kuishiwa. Malori ya mizigo yatokayo njia ya Rwanda na Burundi yananipigia honi nyuma, na pale Sekenke hakuna mahali pazuri pa kujibanza. Mama alishika mkanda kwa mikono miwili, akaniuliza, "Baba, hili gari lako lina pumu?" Tulifika juu kwa gia ya kwanza, taa ya injini inawaka. Mama alishuka, akakaa juu ya jiwe mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Ana miaka 68 na presha.

Kesho yake nikaenda gereji ya kwanza. Fundi alichomeka mashine, ikatoa msimbo P0171. Akasoma kwenye simu, akaniangalia. "Mwalimu, eaflo imekufa." Dakika tano hazikufika.

P0171 haisemi eaflo imekufa. Inasema kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Basi. Kwa nini inapata hewa nyingi, msimbo haujui. Huenda waya umevaa koti la vumbi na unahesabu hewa pungufu. Huenda mpira umepasuka mahali na hewa inaingia bila kupita kwa karani. Huenda pampu ya mafuta imechoka, au nozeli zimeziba. Msimbo ni kama mwanafunzi anayesema, "Mwalimu, darasani kuna kelele." Ni kweli, kuna kelele. Lakini hajakutajia anayepiga kelele, na wewe ukiingia na fimbo ukamchapa wa kwanza uliyemwona, umefanya kazi gani?

Mwanafunzi akiniandikia jibu bila kuonyesha njia, simpi alama zote. Nimefanya hivyo miaka 14. Siku ile nilipewa jibu bila njia, nikatoa elfu kumi ya mashine, elfu sabini ya sensa iliyotumika, elfu kumi ya ufundi, nikashukuru. Kitu kimoja tu nilifanya sawa, na nilikifanya kwa ubahili: niliomba sensa yangu ya zamani. Wakaitia kwenye mfuko wa plastiki, wakanipa huku wananicheka.

Taa ilizimwa kwa mashine. Siku ya tatu ikawaka tena.

Gereji ya pili mwenyewe alicheka akasema hizo za kutumika ni takataka, tuagize mpya. Wakati tunalipasha gari moto, kijana wake, hajafika hata miaka 20, alikuwa ameinamia injini na tochi. Bosi wake aliponyanyua mafuta, kijana akainua kichwa. "Bosi, kuna kitu kinavuta pumzi huku chini."

"Wewe shika taa."

Nilisikia. Nataka msomaji ajue kwamba nilisikia vizuri kabisa. Mtoto alikuwa ametumia masikio yake, ameona jambo, amelisema kwa heshima mbele ya mkubwa wake. Ningekuwa darasani ningesimamisha kipindi ili wote wamsikilize. Pale gereji niliangalia saa, kwa sababu nilikuwa na kipindi saa tano.

Sensa mpya ikaja na basi, ikafungwa, gari likamisi vilevile. Mwenye gereji akaitazama, akamtazama kijana. Akasema huyu ameigusa waya kwa kidole wakati anaifungua kwenye pakiti, ameiua. Kijana akasema hajaigusa. Akaambiwa aende nyumbani asirudi, na elfu zangu arobaini na tano zingekatwa kwenye posho aliyokuwa anadai. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Sikusema, "Huyu juzi alisikia kitu." Nilinyamaza, kwa sababu kama kosa lilikuwa la kijana, basi halikuwa langu.

Gereji ya tatu haina ubao wa jina. Iko chini ya mti, ni ya mzee mmoja ambaye watu wengi wanamkwepa kwa sababu ana masharti. Sharti lake la kwanza ni elfu kumi na tano ya kutazama, saa mbili, tatizo lionekane lisionekane.

Nikamwambia, "Mzee wangu, nilipe na hujaliona tatizo?"

Akanijibu taratibu, "Mwalimu, ukifundisha vipindi viwili na mtoto asielewe, serikali haikulipi?"

Nikalipa.

Hakuanza na mashine. Alianza na ea klina. Karatasi yake ilikuwa imechanika kwenye mkunjo, na klipu moja ya boksi haikuwa imebana. Akaniuliza nani huipuliza. Nikamwambia naipuliza mimi, kwa upepo wa tairi, kila nikijaza matairi. Akatikisa kichwa. Ule upepo unatoa vumbi la juu, na ukiusogeza karibu unapasua karatasi, na kuanzia hapo vumbi linapita wazi kwenda kwenye waya na kwenye injini. Nilikuwa nimeokoa bei ya ea klina kwa kuitoboa.

Ndipo akachomeka mashine, ileile ya bei ndogo waliyonayo wote. Tofauti ni kwamba hakuishia kwenye msimbo. Alifungua takwimu zinazokimbia, akaangalia kompyuta inaongeza petroli kiasi gani ili kufidia. Gari likiwa sailensi, nyongeza ilikuwa asilimia 11. Alipolizungusha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza ikapanda hadi 28. Akanieleza: ufa ungekuwa mbele, kati ya throto na injini, kwa kawaida nyongeza ingekuwa kubwa gari likiwa sailensi, kisha ingepungua ukikanyaga. Hii inazidi ukikanyaga. "Kwa hiyo ni sensa chafu, au ni huu mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi, au ni mafuta hayafiki. Bado hatubadilishi kitu."

Akaniketisha kwenye usukani. Nikakanyaga breki, nikaweka D, nikagusa mafuta kidogo. Injini ikajiegemeza upande, kama inavyojiegemeza ikivuta mzigo mlimani. Akamulika tochi chini ya mpira wa hewa, akaniita nije nione huku yeye akiushika na kuukunja. Kwenye mkunjo wa upande wa chini, ambao macho hayafiki, kulikuwa na ufa wa urefu wa kiungo cha kidole. Gari likiwa limetulia ulijifunga. Injini ikivuta, unafunguka kama mdomo.

Huko ndiko kulikokuwa kunavuta pumzi.

Karani alikuwa mlangoni, anahesabu kila aliyepita mbele yake, na watu walikuwa wanaingia kwa uani. Tukamfukuza karani. Tukaleta mwingine, akahesabu vilevile, tukamfukuza naye. Tunajua wote msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, tunauandika hadi kwenye insha. Mimi nilikuwa najenga ukuta huku ufa nimeambiwa uko wapi.

Mzee aliomba ile sensa ya kwanza, ya kwenye mfuko. Kweli, waya ulikuwa na ukungu wa kahawia. Akaupuliza kwa dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa, ile inayokauka yenyewe bila kuacha mafuta. Hakuugusa kwa pamba, wala kwa brashi, wala kwa kidole, na hakuupuliza kwa kompresa, maana waya ule ni mwembamba na ukikatika hakuna wa kuuunga. Hakutumia dawa ya kabureta, ambayo inaweza kula plastiki na kuacha utando. Akaiweka kivulini ikauke, tukanywa chai, ndipo akairudisha, akaangalia kipete chake cha mpira kimekaa sawa, akakaza skrubu mbili kwa bisibisi ya nyota bila kutumia nguvu nyingi. Akafunga mpira wa hewa mwingine na ea klina mpya. Akafuta msimbo ili kompyuta ijifunze upya. Taa haijawaka tangu siku hiyo, na Sekenke nimeshaipanda mara tatu.

Sasa tuweke hesabu ubaoni. Gereji ya kwanza: 90,000. Ya pili: sensa 45,000, nauli ya kifurushi 5,000, ufundi 15,000, jumla 65,000. Zote mbili ni 155,000, na gari bovu. Kwa mzee: kutazama 15,000, mpira 25,000, ea klina 15,000, kusafisha 10,000. Jumla 65,000, na gari zima. Anayeniambia kwamba kulipia kupima ni anasa ya wenye hela, aje anionyeshe kosa liko wapi kwenye hesabu hii. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kubahatisha.

Wengine wataniambia mashine tayari tunalipia. Tunalipia kuchomeka. Elfu kumi ile ni ya dakika tano, na fundi anajua kwamba mkate wake hauko pale, uko kwenye spea. Akikwambia "mpira umepasuka, nimeufunga, nenda", utamlipa nini? Utamwambia, "Kaka, si umegusa tu?" Utampa elfu tatu ya soda. Akikwambia eaflo imekufa, atapata cha ufundi na huenda na cha juu kutoka dukani. Tumemwekea bei ya kukosea iliyo kubwa kuliko bei ya kupatia, halafu tunamwita mwizi. Wapo wezi, sikatai. Lakini hata malaika ukimlipa hivyo mwaka mzima, mwishoni ataanza kuona sensa mbovu kila boksi atakalofungua.

Wengine watasema tatizo ni vifaa vya kutumika. Sikubali. Sensa halisi iliyotumika, iliyotoka kwenye gari linalojulikana, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kuiga yenye boksi zuri. Zipo siku sensa inakufa kweli: waya umekatika, usomaji haubadiliki hata ukikanyaga, umesafisha na umekagua mipira na nyaya na soketi na bado inadanganya. Siku hiyo badilisha, na hakikisha namba iliyo kwenye mgongo wake inalingana na ya zamani. Ninachopinga ni kuanza na mwisho.

Na wapo mabingwa wa kuchomoa soketi. Mwalimu mwenzangu anatembea hivyo mwezi wa nne sasa. "Ukiichomoa linatembea freshi," anasema. Linatembea kwa sababu kompyuta, ikikosa hesabu, inakisia. Ni njia ya kujaribu kwa dakika chache, kuona kama sensa ndiyo inayodanganya. Kuigeuza kuwa maisha ni kumfukuza karani na kujaza idadi ya watu kwa kichwa. Petroli inaliwa ovyo, na yale isiyoungua huenda kuungulia kwenye bomba la moshi na kuharibu kitu cha bei kubwa kuliko sensa. Wapo pia wanaolowesha ea klina ya karatasi kwa oili ili ikamate vumbi, kwa kukumbuka Land Rover za zamani zilizokuwa na bakuli la oili. Zile hazikuwa na waya wa moto mbele yake. Oili ikiufikia waya huu, vumbi linapata gundi.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu: kwenye vumbi letu, usingoje kilomita zilizoandikwa na watu wa nchi za lami. Fungua boksi mwenyewe kila mwezi wa kiangazi, tazama karatasi kwenye mwanga, ikichanika itupe. Pitisha mkono chini ya mpira wa hewa. Fundi akikwambia kitu kimekufa, muulize amejuaje, na umpe muda na hela ya kukujibu. Kila kitu anachotoa, dai urudishiwe. Na kijana anayeshika taa akisema neno, nyamaza umsikilize.

Nilimtafuta yule kijana. Nilirudi kwanza kwa bosi wake, nikamweleza habari ya ufa. Akasema gari ni gari, lina mambo mengi. Posho hakuirudisha. Kijana nilimpata wiki ya pili, anaosha magari karibu na Ziwa Singidani, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikamwambia alikuwa sahihi, kwamba kulikuwa na ufa, na palepale alipopasema.

"Nilijua, mwalimu," akasema, akaendelea kusugua rimu.

Nikampa elfu arobaini na tano. Akaziangalia, akazikunja, akaziweka mfukoni bila kusema asante, na hakuwa na sababu ya kuisema. Nikamwambia kuna mwalimu mwenzangu ambaye gari lake linatembea na soketi nje, na kwamba kuna mzee chini ya mti ambaye macho yanaanza kumsumbua na anahitaji mtu wa kushika taa na kusikiliza. Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote watatu. Nilimlazimisha mwalimu mwenzangu atoe hela ya kutazama kwanza, kabla boneti halijafunguliwa. Alinung'unika njia nzima.